Kompyuta haiujui mto

Malori yanayoshusha shehena ya Rwanda kutoka Bandari ya Dar es Salaam hupita Dodoma, Singida, Nzega na Kahama, hata yakafika Nyakanazi wilayani Biharamulo. Mbele kidogo, Lusahunga, barabara hugawanyika: mkono mmoja waenda Biharamulo mjini na Bukoba, na mwingine waingia katika vilima vya Ngara hadi Rusumo. Hapo dereva aliyekwisha kumaliza zaidi ya kilomita elfu moja hulikuta daraja lenye urefu wa mita 80 juu ya Mto Kagera, karibu kabisa na maporomoko. Hulivuka kwa muda mfupi mno, akili yake ikiwa katika hati za forodha. Si ajabu. Daraja likiwa zima, nani analiwaza?

Lakini yuko mtu aliyeliwaza kabla halijakuwapo. Alilichora, akalipakia malori yasiyokuwapo, akalipitishia upepo na jua la mchana, akatazama litanepa kiasi gani. Zamani kazi hiyo ilifanywa kwa penseli na karatasi nyingi. Siku hizi hufanywa kwa programu za kompyuta, na katika nyumba kadha wa kadha za mijini yuko kijana anayejifunza kuzitumia. Mzazi humwona mwanawe amekesha mbele ya kioo chenye mistari myekundu na ya buluu, na huenda akadhani ni mchezo. Makala haya ni kwa ajili ya mzazi huyo, na pia kwa kijana mwenyewe, maana wako vijana ambao nao huanza kwa kudhani ni mchezo.

Kwanza tubaki kidogo Rusumo. Daraja la awali la mahali hapo lilijengwa mwaka 1972. Lilikuwa la njia moja, na magari ya pande mbili yalivuka kwa zamu. Hilo ndilo lililokuwapo tarehe 28 na 29 Aprili 1994, Rwanda ikiwa katika mauaji ya kimbari na vita, wakati watu wapatao 250,000 walipovuka na kuingia wilayani Ngara kwa muda wa takriban saa 24. Dunia iliandika habari za wakimbizi hao na za kambi ya Benaco, na ilikuwa haki kufanya hivyo. Lakini kwa mtu wa ujenzi limo ndani yake jambo jingine la kutafakari.

Watu wengi huamini kwamba lori ni zito na umati wa watu ni mwepesi. Wahandisi huhesabu umati uliosongamana kuwa kiasi cha nusu tani kwa kila mita moja ya mraba. Kwa hiyo daraja lenye upana wa mita 4 likijaa watu bega kwa bega, kila mita 10 za urefu wake zinabeba tani 20, na kila mita 10 zinazofuata vivyo hivyo, pasipo nafasi baina ya mzigo na mzigo kama ile iliyopo baina ya lori na lori. Mwenye kuandika orodha ya mizigo ya daraja la mpakani yampasa aikumbuke siku ambayo nchi nzima huenda ikataka kuvuka. Hakuna kompyuta itakayomkumbusha.

Daraja la sasa, lenye njia mbili, lilijengwa kwa msaada wa Serikali ya Japani, na Marais John Magufuli na Paul Kagame walilizindua tarehe 6 Aprili 2016, pamoja na kituo cha pamoja cha huduma za mpakani. Nalo hubeba malori ambayo, kwa sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya udhibiti wa uzito wa magari, hayaruhusiwi kuzidi tani 56 kwa lori na mzigo wake.

KUKATA VIPANDE

Programu hizi hufanyaje kazi? Msingi wake si mgumu kama majina yake yanavyotisha. Daraja zima lina umbo gumu kulikokotoa kwa mara moja. Basi hukatwa, katika hesabu tu, kuwa vipande vidogo vidogo vinavyoshikana kwenye mafundo. Tabia ya kipande kimoja yajulikana: kikivutwa hurefuka kiasi hiki, kikipindwa hukunjika kiasi kile. Kisha kompyuta huvilazimisha vipande vyote vikubaliane kwenye mafundo yao, na hapo huzaliwa maelfu ya milinganyo inayopaswa kufumbuliwa kwa pamoja. Binadamu angemaliza umri wake. Mashine humaliza mpishi hajawasha jiko.

Njia hii ilipewa jina linalotumiwa hadi leo na Profesa Ray Clough wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 1960. Mwenzake wa chuo hicho hicho, Edward Wilson, alitoa programu iliyoitwa SAP mwaka 1970, na kizazi chake ndicho SAP2000 na CSiBridge zinazotumiwa leo. Ziko nyingine, kama STAAD na MIDAS ya Korea ya Kusini. Kila moja ina wapenzi wake, na vijana hubishana juu yake kama washabiki wa mpira.

Hapa kwetu njia hiyo ilichelewa. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na marufuku hayo yalilegezwa miaka ya baadaye. Kitivo cha Uhandisi cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa kimefunguliwa mwaka mmoja tu kabla, mwaka 1973. Wahandisi wa kwanza waliotoka humo walizoea karatasi, penseli na rula ya kukokotolea. Wapo wanaokumbuka hali hiyo kwa uchungu. Mimi naona kwamba ilikuwa na faida moja ambayo haikukusudiwa: mtu aliyekokotoa boriti mia moja kwa mkono hawezi kudanganywa kwa urahisi juu ya boriti ya mia na moja.

DARAJA LA MITA KUMI

Tuchukue mfano mdogo ambao mzazi yeyote aliyesoma hesabu za shule ya msingi ataufuata. Kijito kinakatiza barabara ya kijiji, tuseme katika bonde moja baina ya Biharamulo na Ngara. Panahitajika daraja la zege lenye urefu wa mita 10, upana wa mita 4, na unene wa sentimita 60. Je, lori la kokoto likipita, daraja litabeba nini?

Mwanafunzi mwenye haraka atalichora lori. Mwanafunzi aliyefundwa ataanza na daraja lenyewe. Mita 10 mara 4 mara 0.6 ni mita za ujazo 24 za zege. Mita moja ya ujazo ya zege lenye nondo ina uzito wa tani 2.5. Kumbe daraja hili dogo, likiwa tupu, lina uzito wa tani 60! Ni zaidi ya lori kubwa kuliko yote yanayoruhusiwa kupita Rusumo. Daraja hujibeba lenyewe kwanza, usiku na mchana, miaka yote, na wageni huja baadaye.

Ikiwa limekaa juu ya kuta mbili za kando, kila ukuta unapokea tani 30. Hiyo ndiyo hesabu ya kwanza ambayo kijana apaswa kuiandika kwenye kipande cha karatasi kabla ya kuifungua programu. Kisha atengeneze mfano wake katika kompyuta na kuiuliza jambo moja tu: maegemeo yote kwa pamoja yanabeba tani ngapi? Ikijibu 60, waweza kuendelea. Ikijibu 6 au 600, mahali fulani milimita zimeandikwa penye mita, au uzito umeandikwa kwa kipimo kingine. Kosa la vipimo ni kosa la kitoto, na ndilo linalowapata wakubwa. Programu haitashtuka. Itachora picha nzuri ya rangi saba ya daraja lenye uzito wa paka.

Baada ya hapo ndipo yanapokuja mambo ya kupinda. Kanuni ya zamani husema: chukua uzito wa kila mita moja ya urefu, uzidishe kwa urefu wa daraja mara mbili, kisha ugawe kwa 8. Daraja letu lina tani 6 kwa kila mita. 6 mara 10 mara 10, gawa kwa 8, ni 75. Sasa mwenyekiti wa kijiji aseme kwamba kijito kimepanuka na daraja liwe la mita 20, unene ule ule. Uzito utakuwa maradufu. Nguvu ya kulipinda itakuwa 300, yaani mara nne. Na kunepa kwake katikati kutakuwa mara kumi na sita. Kijana aliyekwisha kuyaona haya kwa kalamu yake ataelewa kwa nini mhandisi hukunja uso akiambiwa «ongeza kidogo tu».

Faida ya programu huonekana lori linapoingia. Lori likiwa katikati hulipinda daraja kwa kiasi kikubwa. Likiwa ukingoni hulemea karibu ukuta mmoja peke yake. Lakini lori halisimami. Hutembea, na huenda likafuatwa na jingine. Kompyuta huliweka lori mahali mamia kwa mamia, hatua kwa hatua, na kutaja pale panapoumiza zaidi. Kwa mkono kazi hiyo ingekula siku kadhaa, na watu wangeacha nusu kwa kuchoka. Hali kadhalika madaraja makubwa, kama lile la Kigongo hadi Busisi katika Ziwa Victoria lililozinduliwa tarehe 19 Juni 2025 na ambalo urefu wake hufika kilomita 3, hayawezi kukokotolewa yakiwa yamekamilika tu. Hukokotolewa kila hatua ya ujenzi, kwa kuwa daraja lililofika nusu lina matatizo yake ambayo daraja zima halina.

Ipo pia habari ya maegemeo, ambayo naitaja kwa kuwa wanaoanza hujikwaa hapo mara nyingi. Chuma hurefuka kwa joto. Boriti ya chuma yenye mita 80, ikipata joto la nyuzi 30 zaidi ya lile la alfajiri, huongezeka urefu kwa karibu sentimita 3. Kwa sababu hiyo ncha moja ya daraja hushikwa na nyingine huachwa iteleze. Anayeanza hubonyeza kitufe cha kukaza ncha zote mbili, akiamini kwamba kukaza ndiko kuimarisha. Kompyuta humrudishia nguvu za kutisha, naye huongeza chuma, kisha huongeza tena. Analitibu daraja kwa ugonjwa aliouleta mwenyewe.

HASARA YA NORWAY, MAUTI YA QUEBEC

Yasemwayo hapa si ya kutishia watoto. Tarehe 23 Agosti 1991, karibu na Stavanger nchini Norway, jengo kubwa la zege lililokusudiwa kubeba mtambo wa kuchimbia gesi baharini, lililoitwa Sleipner A, lilipasuka ukuta likijaribiwa majini na kuzama. Waliokuwamo waliokolewa wote. Hasara ilikadiriwa kufika dola milioni 700. Uchunguzi ulionyesha kwamba programu iliyotumika ilikuwa na sifa njema duniani. Walioitumia walikata vipande vikubwa mno na vya umbo baya mahali ambapo kuta zilikutana, na nguvu ya kukata zege mahali hapo ikahesabiwa kuwa pungufu kwa asilimia 47. Nondo ziliwekwa kwa kufuata hesabu hiyo. Ukuta ulipasuka jengo likiwa limezamishwa kiasi cha mita 65. Hesabu makini zaidi iliyofanywa baadaye ilitoa mita 62.

Na asiseme mtu kwamba kompyuta ndiyo mbaya. Tarehe 29 Agosti 1907, wakati ambapo hapakuwa na kompyuta popote, Daraja la Quebec huko Kanada lilianguka likiwa bado linajengwa na kuua wafanyakazi 75. Wabunifu walikuwa wamerefusha nafasi kuu ya daraja kutoka futi 1,600 hadi 1,800, lakini uzito wa daraja lenyewe haukuhesabiwa upya kama ilivyopasa. Msomaji aliyeufuata mfano wetu wa mita 10 na mita 20 anaijua tayari hatari yake.

Penseli ilikosea Kanada, na mashine ikakosea Norway. Katika matukio yote mawili hakuna aliyesimama kwa wakati na kuuliza kama jibu lilifanana na kitu halisi.

MAJI

Sasa turudi Ngara, kwenye kijito. Kijana amekokotoa vizuri, vipimo ni sahihi, maegemeo yameteleza inavyotakiwa. Je, daraja litasimama? Bado hatujui, maana hakuna aliyekwisha kuuliza habari za mto.

Madaraja madogo mengi hayavunjwi na malori. Huondolewa na maji, ambayo huchimba udongo chini ya kuta au nguzo hata zikabaki zinaning'inia. Mvua za El Niño za mwaka 1997 na 1998 ziliwafundisha Watanzania jambo hilo katika mikoa mingi, na mvua za mwishoni mwa mwaka 2023 hadi 2024 zikarudia somo. Programu ya kukokotoa daraja haijui kwamba chini yake kuna maji. Yenyewe huona maegemeo yaliyopigiliwa mahali pasipotikisika milele. Iko programu nyingine ya mito, HEC-RAS, iliyotengenezwa na kikosi cha wahandisi wa Jeshi la Marekani na inayopatikana bila malipo. Hiyo huonyesha maji yatapanda hadi wapi. Lakini nayo huuliza: maji ni mengi kiasi gani katika mafuriko makubwa? Na kwa vijito vingi vya wilaya hizi mbili, ambavyo havijapata kuwekewa vipimo, jibu halimo katika kitabu.

Limo kwa wazee. Mhandisi mzuri akifika kijijini hukaa na Wahangaza na Washubi wa Ngara, au Wasubi wa Biharamulo, akawauliza maji yalifika wapi mwaka ule mbaya, yalibeba nini, na kivuko cha zamani kilikuwa wapi kabla ya barabara. Huonyeshwa mti, au jiwe, au kizingiti cha nyumba. Hupima kimo cha alama hiyo, kisha hurudi kwenye kompyuta na kuilazimisha ikubaliane na mzee. Hii ni kanuni ya kazi inayofuatwa duniani kote. Kijana wa mjini asiyeweza kumsalimu mzee na kumsikiliza kwa saa nzima ana upungufu ambao programu ya bei kubwa haitauziba.

Na bei kweli ni kubwa. Leseni za programu za ofisini huhesabiwa kwa mamilioni ya shilingi, na matokeo yake ni kwamba nakala za wizi zimeenea kwa wanafunzi. Mzazi asiyaone hayo kuwa ujanja wa mjini. Nakala iliyovunjwa kufuli haina anayeitengeneza ikikosea, na huja na virusi. Afadhali kijana aanze na ya halali isiyolipiwa. Iko Bridge Designer, iliyobuniwa na Stephen Ressler alipokuwa mwalimu katika chuo cha jeshi cha West Point, Marekani, kwa ajili ya wanafunzi wa shule. Humpa mtoto mto wa kuvuka na bei ya kila kipande cha chuma. Vipande vinavyogandamizwa hugeuka vyekundu, vinavyovutwa hugeuka buluu, kisha lori hupita, na daraja bovu huanguka mbele ya macho yake. Mwanafunzi wa sekondari aliyeangusha madaraja ishirini humo atakuwa amejifunza mengi pasipo kumdhuru mtu. Aliyekwisha kufika chuoni na kujua kuandika programu anaweza kutumia OpenSees ya Berkeley, ambayo nayo hailipiwi kwa masomo, ingawa haina sura ya kupendeza.

Baada ya shahada bado kuna safari. Bodi ya Usajili wa Wahandisi ina mpango, ulioanza mwaka 2003, wa kuwaweka wahitimu chini ya wahandisi wazoefu kwa miaka mitatu kabla ya kuwa wahandisi kamili. Mzazi anayelalamika kwamba mwanawe «amemaliza chuo lakini bado anafundishwa» akumbuke daraja la tani 60.

Mzazi huyo huyo, jioni moja, anaweza kumfaa mwanawe kwa kumuuliza maswali mawili asiyohitaji shahada kuyauliza. Daraja lako hili, likiwa tupu, lina uzito wa tani ngapi? Na ulijuaje kabla kompyuta haijakwambia? Akikosa jibu la pili, amrudishe kwenye karatasi.

Nimalizie na jambo linalowasumbua hata waliokomaa katika programu hizi. Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, TARURA, umekuwa ukijenga madaraja ya mawe yenye umbo la tao, kazi iliyoshika kasi mkoani Kigoma, jirani na Kagera, kwa ushirikiano na Ubelgiji. Gharama yake ni ndogo kuliko ya zege lenye nondo, na penye mawe mazuri karibu hutoa kazi kwa mafundi wa hapo hapo. Kijana akilichora tao hilo katika kompyuta kama boriti iliyopinda, mara nyingi ataonyeshwa mahali ambapo mawe yanavutwa. Atatishika, au ataongeza nondo zisizohitajika. Lakini mawe yaliyoungwa kwa saruji hayakubali kuvutwa. Hapo hufunguka ufa mwembamba, mzigo huhama kupitia mawe mengine, na tao, likiwa na unene wa kutosha na kuta imara za kando, hutulia. Programu ya kawaida haiujui ufa huo mpaka iambiwe. Fundi anayeondoa magogo yaliyolishikilia tao wakati wa ujenzi anaujua: hulegeza kabari kidogo kidogo, tao hushuka kidogo sana, husikiliza, kisha hulegeza tena.